Loie Fuller na Kazi ya Nuru katika Uchezaji

Katika vyuo vyetu, mazungumzo juu ya sanaa za maonyesho huanzia kwenye ngoma, yakapita kwenye nyimbo na mavazi, yakaishia kwenye hatua za miguu. Nuru haitajwi. Mchana huachiwa jua, na usiku huachiwa yeyote mwenye karabai au swichi. Hata mwalimu hodari wa kuongoza uchezaji huenda akamaliza miaka yake yote ya kazi bila kujiuliza mwanga unamfikia mchezaji kutoka upande gani, wala kivuli chake kinaangukia wapi. Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha ya mwanamke mmoja aliyelifanya swali hilo kuwa kazi ya umri wake mzima. Tumechagua kusimulia maisha badala ya kutoa kanuni, kwa sababu katika maisha yake ujaribio unaonekana hatua kwa hatua, pamoja na hasara zake. Hapa na pale tutasimama kidogo ili kutazama jambo linaloweza kumfaa mwalimu wa darasa la nne au la tano.

Marie Louise Fuller alizaliwa mwezi Januari 1862 huko Fullersburg, kijiji cha jimbo la Illinois nchini Marekani, si mbali na mji wa Chicago. Jina la Loie alilichukua baadaye, alipokuwa mtu wa jukwaani. Tangu utotoni alipanda jukwaani kuigiza, na alipokuwa msichana alizunguka na vikundi vya waigizaji kutoka mji hadi mji, akipewa nafasi ndogo ndogo za kuimba na kuigiza. Jambo la kuangaliwa ni kwamba hakupata kufundishwa uchezaji katika shule yoyote ya kuheshimika. Tena hakuwa na umbo lililotazamiwa kwa wachezaji wa zama zake: alikuwa mfupi, mnene kiasi. Walioonana naye nje ya jukwaa walipata tabu kuamini kwamba ndiye yule waliyemwona usiku uliopita akipaa kama ndege. Tunalitaja jambo hili mapema kwa kuwa katika madarasa mengi wanafunzi huchaguliwa kucheza kwa kutazamwa umbo, na wengine huambiwa wakae wapige makofi.

Mwaka uleule aliozaliwa Fuller, huko Paris lilitokea jambo lililoonyesha hali ya nuru majukwaani ilivyokuwa. Majumba ya maonyesho yalimulikwa kwa gesi, na miali ya moto ilikuwa wazi, karibu na mapazia na karibu na wachezaji. Mwezi Novemba 1862, mchezaji kijana aitwaye Emma Livry alikuwa katika mazoezi ya Opera ya Paris pale sketi yake ya kitambaa chepesi iliposhika moto wa taa. Aliungua vibaya sana, akafariki mwaka 1863. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Hivyo nuru na kitambaa, vitu viwili ambavyo Fuller alikuja kuviunganisha, vilikuwa maadui wa kuogopwa. Mabadiliko yaliletwa na umeme. Mwaka 1881 jumba la Savoy mjini London lilimulikwa lote kwa taa za umeme, na baada ya hapo majumba mengine yakafuata. Bila badiliko hilo, kazi tunayoisimulia ingekuwa wazimu.

Mwalimu anayesoma habari hii katika shule isiyo na umeme na azingatie sana. Kibatari, mshumaa na chemli havifai hata kidogo karibu na kanga au shuka inayopeperushwa na watoto. Kama hakuna taa ya umeme wa jua wala tochi, lipo jua lenyewe, nalo, kama tutakavyoona, lilimtosha Fuller pale alipoanza.

Mwaka 1891 Fuller alipewa nafasi katika mchezo mmoja wa kuchekesha uliomhusu tabibu laghai. Katika tendo mojawapo, tabibu humtia mgonjwa katika hali ya usingizi wa kupumbazwa, na mgonjwa hutembea huku na huko kama asiyejijua. Fuller alivaa sketi ya kitambaa chepesi iliyokuwa ndefu kupita kiasi. Ili asiikanyage ilimbidi aishike kwa mikono miwili na kuinyanyua juu, na jukwaa lilikuwa na mwanga hafifu. Kwa maelezo yake mwenyewe, watazamaji walianza kuona kipepeo, kisha ua, kisha kitu wasichokijua jina. Hapa yafaa tuseme kwamba kitabu alichokitoa mwaka 1908 juu ya maisha yake kina mapambo mengi, na mwalimu asikichukue kila kisa kilichomo kama hati ya mahakama. Lakini kisa kinachofuata baada ya hicho kinaafikiana na kazi aliyokuja kuifanya, nasi tunaona kina thamani kwa mwalimu kuliko kile cha jukwaani.

Anasimulia kwamba alilivaa vazi lile nyumbani, akasimama mbele ya kioo kirefu wakati jua likiingia dirishani. Akaona kwamba kitambaa, kikiwa baina yake na mwanga, hakikuwa tena nguo; kilikuwa kama ukuta mwembamba wenye nuru ndani yake. Akainua mkono mmoja, akatazama. Akaugeuza mwili, akatazama tena. Kila mwendo ulileta mkunjo wake, na kila mkunjo ulipokea mwanga kwa namna yake. Aliyachambua mawendo hayo, akayapa namba, akayarudia mpaka akajua ni mwendo upi unaozaa umbo lipi. Aliiacha nuru na kitambaa vilevile na kubadili mwendo tu. Siku nyingine aliuacha mwendo na kubadili nuru. Mwalimu wa sayansi anaitambua njia hiyo mara moja, ingawa huyu alikuwa mwigizaji asiye na mshahara wa uhakika, amesimama chumbani.

Kutokana na mazoezi hayo ulizaliwa uchezaji ulioitwa wa nyoka, kwa jinsi kitambaa kilivyojipinda na kujizungusha. Mwaka 1892 aliuonyesha mjini New York, ukapendwa upesi, na upesi huohuo ukaigwa. Wasichana wengine walipewa sketi ndefu na taa, wakatangazwa kwa jina lilelile la uchezaji. Fuller alikwenda mahakamani kumshitaki mmoja wao. Hakimu alikataa. Alisema, kwa muhtasari, kwamba sheria ililinda tamthilia, na uchezaji usiosimulia hadithi wala kueleza wahusika si tamthilia. Ni mwendo wa kupendeza tu. Marekani haikuingiza kazi za uchezaji waziwazi katika sheria ya hakimiliki mpaka sheria ya 1976, iliyoanza kutumika mwaka 1978, miaka hamsini kamili baada ya Fuller kufa.

Hukumu hiyo ilimuumiza, lakini ilimwelekeza. Kama mwendo haulindwi na sheria, chombo hulindwa. Kati ya 1893 na 1895 alijipatia hataza, yaani hati za serikali za kumlinda mvumbuzi, kwa vifaa vyake. Moja ilihusu vazi lenyewe, pamoja na fimbo nyepesi zilizoshikwa mikononi ndani ya kitambaa ili kuirefusha mikono. Nyingine ilihusu vioo vilivyopangwa kwa pembe kumzunguka mchezaji, vikiwa na taa kwenye maungio yake, hata mtu mmoja akaonekana kuwa kundi. Nyingine tena ilihusu sakafu yenye kioo, inayomulikwa kutoka chini. Tunaona ni jambo la ajabu, na la kufurahisha, kwamba msanii wa uchezaji alitambuliwa na sheria kama fundi kabla ya kutambuliwa kama msanii.

Mwaka huohuo wa 1892 alivuka bahari kwenda Ulaya, na mwezi Novemba akaanza kuonyesha katika ukumbi wa Folies Bergère mjini Paris. Alipofika alimkuta mwigaji amekwisha kumtangulia jukwaani humohumo. Akaomba ajaribiwe, akachukua nafasi, na mji ukawa wake. Wachoraji walimiminika. Jules Chéret alichora mabango yake. Henri de Toulouse-Lautrec alitoa chapa ya picha yake mwaka 1893, akaitia kila nakala rangi tofauti, kwa kuwa rangi moja isingesema kweli juu ya kitu kisichotulia. Auguste Rodin, mchongaji mashuhuri, alikuwa rafiki yake.

Sasa tueleze jinsi jambo lenyewe lilivyotendeka, maana hapo ndipo penye faida kubwa. Kwanza Fuller aliutaka ukumbi uwe na giza. Desturi ya majumba mengi ya wakati ule ilikuwa kuacha taa za ukumbi zikiwaka, kwa sababu watu walikuja pia kutazamana na kutazamwa. Yeye alizizima, akatundika mapazia meusi nyuma na pembeni, hata jicho likakosa pa kushika ila kitambaa. Kitu cheusi hunywa mwanga mwingi unaokiangukia na kurudisha kidogo sana. Kitambaa cheupe hurudisha rangi yoyote kinayopewa. Kwa hiyo mchezaji mwenye hariri nyeupe ndani ya chumba cheusi ni kama karatasi tupu inayotembea.

Pili, taa zake hazikukaa mbele na juu peke yake. Ziliwekwa pembeni, nyuma na chini. Nyingi zilikuwa zile ambazo mwanga wake hutoka katika cheche ing'aayo baina ya vijiti viwili vya kaboni, zenye ukali mkubwa sana. Mbele ya taa palizungushwa gurudumu lenye vioo vya rangi. Hapa wanafunzi wengi hukosea, wakidhani kwamba kioo chekundu huupaka mwanga rangi kama brashi inavyopaka ukuta. Sivyo. Mwanga mweupe una rangi zote ndani yake, na kioo chekundu huzizuia nyingine na kuipitisha nyekundu. Ndiyo sababu mwanga mwekundu na mwanga wa kijani vikikutana juu ya shuka nyeupe huonekana manjano, ambapo rangi za maji nyekundu na kijani zikichanganywa hutoa kitu cha hudhurungi kisichopendeza. Mwalimu mwenye tochi mbili, hata zile za simu, na karatasi angavu za rangi zinazofungiwa peremende, aweza kulionyesha jambo hilo katika chumba chenye giza kwa dakika chache, na darasa halitalisahau.

Tatu, taa ziliendeshwa na watu. Hili ndilo linaloachwa mara nyingi katika masimulizi. Usiku mmoja wa Fuller ulihitaji mafundi wa umeme zaidi ya kumi, kila mmoja na taa yake, na yeye akiwaongoza kutoka jukwaani kwa kugonga kisigino na kwa ishara walizokwisha kukubaliana. Akizunguka hivi, buluu ifunguliwe. Akigonga, nyekundu ikatwe. Fundi aliyechelewa kidogo aliuharibu mwendo mzima. Kwa hiyo waliokuwa wakicheza usiku ule hawakuwa mtu mmoja. Katika kundi la wanafunzi arobaini, ambamo kwa kawaida wanane hucheza na waliosalia hutazama, twaona hapa kazi ya kweli kwa watoto wanane au kumi wengine: washike vioo vya kurudishia mwanga wa jua kutoka mlangoni, wajifunze kusikiliza pigo la ngoma, na wajue ni pigo la ngapi la kufunika kioo. Mtoto asiyejiweza miguu naye ana nafasi hapo, na nafasi hiyo si ya huruma. Ila waonywe kabisa wasimwelekezee mtu mwanga huo machoni.

Uchezaji wake uliosifiwa kupita mingine yote ulikuwa ule wa moto, wa kati ya miaka ya 1890. Alisimama juu ya kioo sakafuni, na kutoka chini nuru nyekundu ikapanda ndani ya hariri. Watazamaji walimwona akiteketea, naye hakuwa na cheche hata moja karibu yake. Tukikumbuka kifo cha Emma Livry katika mji huohuo, si vigumu kufahamu kwa nini baadhi yao walishikwa na hofu kabla ya kushangilia. Gharama aliilipa kwa mwili. Fimbo na kitambaa kizito vilimwachia maumivu ya mabega na mikono, na ukali wa taa uliyaumiza macho yake kwa miaka mingi. Mama yake, aliyekuwa mgonjwa, alifuatana naye safarini, naye Fuller alimtunza mpaka alipofariki mwaka 1908.

Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900 Fuller alikuwa na jumba lake mwenyewe, lililosanifiwa na Henri Sauvage. Humo hakucheza peke yake. Aliwakaribisha mwigizaji wa Kijapani Sada Yacco na kikundi cha mumewe, Kawakami Otojiro, na hivyo wengi wa Paris wakawaona kwa mara ya kwanza waigizaji wa Japani. Mwaka 1902 alimchukua katika safari zake kijana Isadora Duncan, ambaye baadaye jina lake lilimfunika mwalimu. Mambo hayo yanaweza kusomwa kwingineko, nasi hatutayakalia.

Tunalotaka kulikalia ni urafiki wake na wanasayansi. Marie na Pierre Curie waligundua elementi ya asili iitwayo radiamu mwaka 1898, na habari zikaenea kwamba ni kitu king'aacho chenyewe gizani. Fuller aliwaandikia kuuliza kama angeweza kupata vazi lenye mng'ao huo. Walimjibu kwa uungwana kwamba haiwezekani, wakamweleza sababu. Urafiki ulianzia hapo, naye akaenda nyumbani kwao na mafundi wake kuwachezea katika chumba chao. Hakuliacha swali lake. Alijiwekea maabara ndogo, akajaribu chumvi zinazohifadhi mwanga na kuutoa polepole gizani, akazitia katika kitambaa, na mwaka 1904 akaonyesha uchezaji aliouita wa radiamu, ingawa hapakuwa na radiamu ndani yake. Katika majaribio hayo palitokea mlipuko uliomwunguza nywele za usoni. Mwaka 1911 alitoa mhadhara juu ya radiamu mjini London.

Kwa maarifa ya leo twajua kwamba jibu la akina Curie lilimwokoa. Wasichana waliopaka rangi ya radiamu kwenye saa katika viwanda vya Marekani, baada ya mwaka 1917, walipata magonjwa ya mifupa na wengi wakafa. Fuller aliuliza, akaambiwa hapana, akatafuta njia nyingine. Katika madarasa yetu mtoto akiuliza swali la namna hiyo wakati wa kipindi cha sanaa, mara nyingi huambiwa asubiri kipindi cha sayansi, na kipindi hicho kikifika swali limekwisha kupoa. Haya ni maoni yetu. Mwenzetu anayeona vingine na ayapime.

Mwaka 1908 alianzisha shule na kundi la wasichana. Hakuwafundisha hatua za kuhesabu. Aliwataka wasikilize muziki na kuufuata kwa mwendo wao wenyewe, huku yeye akiwapangia nuru. Kadiri miaka ilivyopita alicheza kidogo zaidi na kupanga zaidi. Mwaka 1921 ilitoka filamu aliyoitengeneza kutokana na hadithi ya Malkia Marie wa Romania, ambamo alitumia mwendo uliopunguzwa kasi na picha zilizogeuzwa, nyeusi ikawa nyeupe. Mwaka uliofuata alionyesha uchezaji wa vivuli vikubwa, na hapo tunaona mtu aliyepitia vioo, sakafu za kioo na chumvi za kung'aa akirudi kwenye kitu ambacho kila mtoto amekwisha kukichezea ukutani. Taa iliwekwa nyuma ya wachezaji, na vivuli vyao vikaangukia kwenye pazia. Aliyeisogelea taa kivuli chake kilikua hata kikatisha. Aliyeliendea pazia alipungua mpaka kimo cha mtu.

Zoezi hilo ndilo jepesi kuliko yote kwa shule ya msingi. Shuka nyeupe hutundikwa mlangoni asubuhi, jua likiwa bado chini, wachezaji wakiwa nje na darasa likiwa ndani. Mwalimu ataona tofauti mara moja: jua liko mbali mno, hivyo mtoto akilisogelea shuka au akirudi nyuma hatua kadhaa, kimo cha kivuli hakibadiliki kama kwa taa, kinachobadilika ni ukali wa kingo zake. Kwa tochi moja jioni, kivuli hukua na kupungua. Waache watoto waligundue wenyewe jambo hilo, kisha wapewe kazi ya kusimulia hadithi fupi ya jitu na mtoto kwa wachezaji wawili wenye kimo kimoja. Darasa tulilowahi kulitazama lilitumia vipindi viwili kwa kazi hiyo, na sehemu kubwa ya vipindi hivyo ilikuwa ubishi wao kwa wao juu ya mahali pa kuiweka tochi.

Loie Fuller alifariki mjini Paris tarehe 1 Januari 1928 kwa homa ya mapafu, na majivu yake yamehifadhiwa katika makaburi ya Père Lachaise. Kundi lake liliendelezwa na mwenzake wa miaka mingi, Gabrielle Bloch. Mwalimu akibahatika kupata filamu za kale za uchezaji wa nyoka, na siku hizi hazipatikani kwa shida, awe mwangalifu: ile ya kampuni ya Edison ya miaka ya 1890 inamwonyesha Annabelle Whitford, na ile ya ndugu Lumière inamwonyesha mchezaji mwingine asiye Fuller, ijapokuwa mara nyingi jina lake hubandikwa hapo. Rangi zinazoonekana katika filamu hizo zilipakwa kwa mkono, picha baada ya picha, juu ya ukanda wenyewe. Kabla ya kuwaeleza wanafunzi hilo, tungependa waulizwe kwanza wanadhani taa zilikuwa wapi.